Mama Mukwe Juu ya Meza ya Kupasulia

Mbuzi dume mmoja, kuku jike wawili, kitenge kipya kisichoguswa na maji, na kikapu cha chumvi. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Hiyo ndiyo gharama ya ngiri ya kwanza niliyopasua kwa mkono wangu, na la ajabu ni kwamba aliyelipa hakuwa mgonjwa. Nililipa mimi.

Ninyi mnaojifunza kupasua siku hizi mnanijia hapa Kasongo, mnakaa kwenye viti vyangu, mnakunywa chai yangu na kulalamika. Wakubwa wenu hawawapi kisu. Mnashika vyuma vya kutanua kidonda tangu asubuhi mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu mnaambiwa asante, nenda ukaangalie mgonjwa wa kitanda cha pembeni. Nawasikia. Lakini mkono wa kupasua haukupewa bure popote. Mimi wangu niliupata kwa kupatana bei, kama mtu anavyonunua samaki Nyangwe: unataja kidogo, unageuka kama unaondoka, unaitwa. Kisha ikafika siku nikauziwa kitu ambacho sikukiomba.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Kabambare, jina lake liacheni. Mkubwa wangu alikuwa Docta Kalonda, mtu mfupi, mkavu, asiyerudia neno. Ukikosa kusikia mara ya kwanza, basi hilo neno lilikuwa si lako. Alikuwa akitoa kazi kutoka nje kwenda ndani, kama anamenya kitunguu. Kwanza unaosha ngozi ya mgonjwa. Ukijua kuosha, unakata nyuzi. Ukijua kukata nyuzi bila kukata fundo, unashona ngozi. Baadaye sana ndipo unaruhusiwa kushuka chini ya mafuta. Ukiharibu tabaka moja, unarudishwa kwenye sabuni.

Mimi nilikuwa na haraka. Kama kulikuwa na ngiri mbili siku hiyo, namwambia, Docta, hii ya kwanza nifunge matabaka yote, nami nitachukua zamu yako ya Jumapili. Anajibu, ngozi peke yake. Nasema, ngozi na tabaka moja, na zamu ya Jumamosi pia. Ananitazama kama muuza muhogo aliyechoka, anasema haya. Sikumwambia kwamba tabaka moja ndilo nililokuwa nalitaka tangu mwanzo.

Nyumbani nilifanya mazoezi kwa utumbo wa mbuzi. Mchinjaji wa sokoni alinihurumia, alidhani nina mwanamke asiyejua kupika nyama, maana kila mara nilinunua utumbo tu. Naukata katikati, naushona, naujaza maji, naubana kwa vidole. Shikeni hili: mshono ukivuja, usiweke mshono wa pili juu yake. Fumua, anza upya. Mshono juu ya mshono ni kama uongo juu ya uongo, mwisho wake utavuja pakubwa zaidi. Nikimaliza mazoezi, napika, nakula. Uzi nautoa kwanza, mara nyingi.

Basi nikawa na tamaa moja tu maishani: kushona utumbo wa mtu aliye hai. Samahani kwa kusema wazi, lakini ninyi mnaijua tamaa hiyo. Msijifanye hamuijui.

Wakati ule ule nilikuwa nimeposa. Msichana aliitwa Mwamini, kwao Wamaza, na mahari ilikuwa imefika katikati. Sasa, vijana wa mjini mnacheka mambo haya, lakini kwa watu wake, na kwetu pia, mwanaume na mama mukwe wake hawatazamani. Ukimuona njiani, unaingia majanini mpaka apite. Hamsemezani moja kwa moja. Mtu wa tatu anasimama katikati, hata kama mko hatua chache tu, naye anarudia maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia. Nilikuwa nimemposa Mwamini kwa muda mzuri tu, na uso wa mama yake nilikuwa sijauona. Nilijua mgongo wake, na kitambaa chake cha kichwa.

Kitambaa hicho ndicho nilichokiona asubuhi moja ya mvua, juu ya tipoi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa mabegani. Wabebaji wanne walikuwa wanaingia uani mwa hospitali, matope mpaka magotini. Nami, badala ya kukimbilia mgonjwa, nilikimbilia nyuma ya pipa la maji nikachuchumaa. Miguu ilifanya hivyo yenyewe, kichwa hakikuulizwa.

Docta Kalonda alimpima, kisha akanitafuta, akanikuta pale.

"Ngiri ya kwenye paja," akasema. "Imekabwa. Anatapika tangu jana, tumbo limejaa. Unafanya nini huko?"

"Docta, yule ni mama mukwe wangu."

Akainua kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimevimba kama ndizi, usaha unang'aa chini ya ukucha. Hakiingii ndani ya glavu, na hata kingeingia, mtu mwenye usaha haingizi mkono kwenye tumbo la mwenzake.

"Pole," akasema. "Mimi leo sina kidole."

Nilihesabu waliobaki. Docta mwingine hakuwapo. Barabara ya Kasongo ilikuwa imekatika, na utumbo uliokabwa haungoji barabara: saa chache unakuwa mweusi, ukioza unatoboka, ukitoboka unakwenda na mwenyewe. Nikahesabu tena. Nilibaki mimi.

Baba yake Mwamini alikuwa machimboni Lusangi, kwa hiyo neno la ukoo lilikuwa mdomoni mwa dada yake, Shangazi Sifa, mwanamke mrefu ambaye aliitembea njia yote nyuma ya tipoi bila kulegeza kitenge. Alipoambiwa nani atapasua, aliweka mikono kiunoni.

"Mukwe hatazami kiuno cha mama mukwe," alisema. "Hata kama ni kwa dawa. Hiyo haiko."

"Basi mutamuzika," Docta Kalonda akajibu, akaenda kukaa kwenye benchi na kidole chake.

Nilipigwa na butwaa. Nilitegemea angebembeleza. Kumbe aliniachia mimi soko, kwa sababu alikuwa ananijua. Nikatoka nyuma ya pipa, nikaipa tipoi mgongo, nikaanza kuzungumza na Shangazi huku nimeutazama ukuta. Nikamweleza kwamba mgonjwa wa kupasuliwa anafunikwa shuka kila mahali, na shuka lina dirisha. Ninachokiona ni dirisha tu. Si mama mukwe, ni dirisha.

Shangazi alifikiri. Akauliza dirisha ni kubwa kiasi gani. Nikasema shubiri mbili. Akasema vidole vinne. Nikamwambia kwa vidole vinne mtu anapasua jipu, Shangazi, hapasui ngiri. Akasema basi vidole vitano, na kidole gumba kisihesabiwe. Nikashuka mpaka shubiri moja na nusu. Wabebaji walikuwa wameshusha tipoi, wamesimama wanatusikiliza kama watu wanaoangalia bei ya ng'ombe ikipatanwa. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kunogewa, mpaka sauti ilipotoka kwenye tipoi, nyembamba, kavu.

"Sifa. Mwambie ule mutu achukue shubiri moja. Nikikufa, ile mahari imebakia atamupa nani?"

Kisha akatapika.

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti ya mama mukwe wangu. Shubiri moja ndiyo niliyokuwa naitaka tangu mwanzo. Yeye alilijua hilo kabla ya Shangazi.

"Na faini?" nikauliza ukuta.

"Faini iko," Shangazi akasema. "Kwanza apone."

Muuguzi wetu wa usingizi alikuwa Mzee Ramazani, Mwislamu wa Kasongo, mtu wa adabu nyingi. Alimchoma mama sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni na kumwacha mgonjwa macho. Akatandaza mashuka, akasimamisha kitambaa kama ukuta kati ya kifua cha mama na mikono yangu. Shangazi aliingia mpaka mlangoni, akaweka shubiri yake mwenyewe juu ya dirisha, akaridhika, akatoka. Ndipo mimi nikaingia nikitazama dari. Nilipoteremsha macho, niliona ngozi iliyopakwa dawa, na uvimbe kama pera bichi. Hapakuwa na mama wa mtu pale. Nikashukuru.

Docta Kalonda alisimama nyuma yangu, mkono wake mbovu umefungwa kitambaa na kuinuliwa juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Nikakata ngozi. Nikashuka polepole mpaka kwenye mfuko wa ngiri. Ukiufungua mfuko huo, nusa. Maji ya ndani yakiwa ya rangi ya damu lakini hayanuki, kuna matumaini. Yakinuka, umechelewa. Hayakunuka. Ndani nikaona utumbo, kipande cha urefu wa kidole, rangi ya biringanya iliyoiva. Nikanyoosha mkono kuushika.

Ukaondoka. Sindano ya mgongo inalegeza misuli, na safari nyingine utumbo unarudi tumboni wenyewe bila kuaga. Niliuona nusu pumzi tu, mweusi, kisha nikabaki natazama shimo tupu.

Utumbo kama huo huwezi kufunga juu yake na kuomba Mungu. Lazima uuone tena, ujue kama unaishi. Njia moja ni kufungua tumbo katikati, kidonda kikubwa, na mkataba wangu na Shangazi ulikuwa wa shubiri moja. Njia ya pili ni mgonjwa akohoe, tumbo lisukume, utumbo urudi dirishani.

Nikamgeukia Ramazani amwambie akohoe. Ramazani hayupo. Shinikizo la damu lilikuwa linashuka, naye alikuwa ametoka kuleta chupa nyingine ya serumu, yale maji ya kutia mshipani.

"Docta," nikamwambia Kalonda, "mwambie akohoe."

"Ni mgonjwa wako," akasema.

Basi nikafanya lile ambalo sikuwahi kufikiri nitalifanya. Nikafungua mdomo.

"Mama, kohoa."

Hakukohoa. Nilidhani amekufa.

"Mama, ni mimi. Kohoa kwa nguvu, nakuomba."

Nyuma ya kitambaa pakasikika pumzi ndefu. Kisha ile sauti kavu:

"Docta Kalonda. Kuna mutu humu ndani ananisemesha."

Niwaambie ukweli, nimeona mambo mengi baadaye, watu wameletwa kwangu wakiwa wameshika matumbo yao mkononi. Hakuna lililonishtua kama lile. Utumbo wake mweusi umenikimbia, shinikizo linashuka, na yeye anangoja adabu. Na Docta Kalonda, ambaye hakuwahi kumrudia mtu neno, alikohoa kidogo mwenyewe, akasogea karibu na kitambaa, akasema kwa upole ambao sikujua anao:

"Mama, mukwe wako anaomba ukohoe."

"Sasa nimesikia," akajibu. Akakohoa.

Alikohoa mara ya pili, na ya tatu, na utumbo ukachungulia dirishani. Safari hii niliushika kwa kompresi, kile kitambaa cha kufyonzea damu, iliyoloweshwa, katikati ya vidole, sikuulegeza hata Ramazani aliporudi na kuuliza nini kimetokea, na hakuna aliyemjibu.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Utumbo ulionyimwa damu usiuhukumu kwa kuutazama mara moja. Uufunike kwa kompresi za maji ya chumvi ya uvuguvugu, ungoje. Kisha uangalie rangi, mng'ao, kama mishipa midogo ya pembeni inapiga, na kama ukiubana taratibu unajikunja kama nyungunyungu. Niliufunika. Na huku nangoja, nilisikia mdomo wangu unamwambia Ramazani alete vibano vya kukatia utumbo.

"Unataka kuukata kwa sababu yake, ama kwa sababu yako?" Docta Kalonda akauliza nyuma ya shingo yangu.

Sikujibu. Mikono yangu ilikuwa inajua kila mshono, nilikuwa nimeushona utumbo wa mbuzi wa soko zima. Kipande kilikuwa mbele yangu, cheusi, na hakuna mtu duniani angenilaumu kwa kukikata.

"Ramazani," ikasema sauti nyuma ya kitambaa, "mwambie ajibu."

Ramazani alinitazama juu ya barakoa yake. "Mama anasema ujibu."

"Mwambie mama," nikasema, "kwamba sijui. Tungoje tena kidogo."

Tukangoja. Nikabadilisha kompresi. Biringanya ikawa divai, divai ikawa waridi chafu, waridi likasafika, isipokuwa mstari mmoja mwembamba pale shingo ya ngiri ilipouma, kama alama ya pete kwenye kidole kilichonenepa. Nikaubana karibu na mstari. Ukajikunja, kwa uvivu, lakini ukajikunja. Nikaurudisha tumboni mzima, nikafunga mlango wake. Docta Kalonda hakusema vizuri wala vibaya. Kabla ya kushona ngozi nilihesabu kompresi, zikatimia. Nikahesabu tena, zikatimia tena. Mkiacha yote niliyowaambia leo, hilo msiliache. Kompresi iliyosahaulika tumboni haipotei, inakungoja.

Mnafikiri hadithi imeisha. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini ule mstari sikuuacha ndani yake tu, niliuacha na ndani yangu. Utumbo ukifa pale kwenye mstari, unatoboka baada ya siku kadhaa, na mgonjwa aliyekuwa ameanza kucheka anaondoka. Dalili ya kwanza ya utumbo unaoishi ni upepo kutoka. Docta yeyote baada ya kazi ya tumbo anauliza hilo, ninyi mnaliuliza kila asubuhi bila hata kuinua kichwa.

Jaribuni kumuuliza mama mukwe.

Nilisimama nje ya mlango wa wodi, uso ukutani, nikamtuma Ramazani. Naye kwa adabu zake akaingia akasema mbele ya ukoo wote waliokaa na vyungu vyao: mukwe anauliza kama mama ametoa upepo. Wodi ilinyamaza. Hata mtoto aliyekuwa analia wa kitanda cha mbali alinyamaza. Kisha Shangazi Sifa alitoka nje kuniona, kwa mara ya kwanza kitenge kimemlegea.

"Katika ukoo wetu," akasema, "watu wamekufa kwa vita, wamekufa kwa maji, wamekufa kwa uchawi. Hakuna aliyeulizwa hivyo na mukwe."

"Shangazi, asipotoa atakufa."

Alinitazama kujua kama napatana bei. Aliona sipatani. Akarudi ndani.

Siku iliyofuata hakukuwa na upepo. Tumbo lilikuwa gumu kidogo, na joto likapanda kidogo, na hiyo "kidogo" ndiyo inayoua watu. Mwamini alikuja akakaa karibu nami kwenye ngazi. Nilikuwa nafikiri: angekuwa mgonjwa mwingine ningemkata? Au nilikuwa nimeogopa? Docta Kalonda alipita, kidole kimepasuliwa na kufungwa, akasema tukimfungua tena leo bila sababu tutamuua sisi, ngoja. Kungoja hakuna anayekufundisha. Hakuna utumbo wa mbuzi wa kujifunzia kungoja.

Asubuhi ya pili Shangazi alitoka wodini, akasimama mbele yangu, akatazama juu ya kichwa changu.

"Ule mama anasema: mwambieni ule mutu upepo umetoka. Na asiulize tena."

Nikakaa chini kwenye matope, na suruali yangu ilikuwa nyeupe.

"Na kwa lile swali," Shangazi akaongeza, "kuku wa pili."

Sasa mnaijua hesabu. Mbuzi ni wa jicho. Kuku wa kwanza ni wa mdomo, kwa kumsemesha. Kuku wa pili ni wa upepo. Kitenge ni cha kufunika dirisha. Chumvi sikupewa sababu yake. Niliuliza, nikaambiwa nikiuliza tena itaongezeka. Nilipeleka yote Wamaza kwa miguu, nikamaliza na mahari, nikaoa. Docta Kalonda baada ya hapo alianza kunipa tumbo zima bila kunidai zamu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema: kwa sababu ya kile ambacho hukukikata. Neno hilo halikurudiwa.

Nimepasua watu wengi tangu siku hiyo, na utumbo wa walio hai nimeushona mpaka tamaa ikaniisha. Mama mukwe hajawahi kunisemesha. Watoto wetu, na sasa wajukuu, ndio waliosimama katikati. Mwamini anasema mama yake akiniombea kanisani ananitaja kama "ule mutu", na Mungu anaelewa.

Lakini mwezi uliopita ilikuja simu kutoka Wamaza. Upande wa pili wa paja kuna uvimbe. Bado ni laini, akilala unarudi wenyewe. Ninyi mnajua maana yake: huu ndio wakati wa kuufunga, kabla haujakabwa, maana kwa umri wake safari hii hakutakuwa na tipoi wala kungoja. Hospitali ile ile ina docta kijana, msichana, mkono wake nimeuona ukifanya kazi, ni mwepesi na hauna haraka. Anahitaji ngiri kama hizi ili mkono uzidi kukomaa. Niliona kila kitu kimejipanga.

Mama amekataa. Mwamini alikwenda kwa pikipiki kumbembeleza, akarudi na jibu moja: "Ule mutu alishalipa. Mwingine aniangalie bure? Aje mwenyewe."

Na mimi siwezi. Chai ninayowapa hapa mnaona ninavyoimimina, nusu inakwenda kwenye sahani. Watu niliowatuma kwake wote wanarudi na jibu lile lile, kwa sababu wanamwambia nimezeeka, naye anasema yeye amezeeka zaidi. Neno lenyewe anapaswa kulisikia kwangu, kwa mdomo wangu, na hakuna wa kusimama katikati kwa neno kama hilo. Faini nitalipa, mbuzi ninaye zizini. Ninachokosa ni maneno. Ninyi mnaozungumza na wagonjwa kila siku, nishaurini upesi, mvua zimeshaanza: mtu aliyekuamini kuliko adabu yake, unaanzaje kumwambia kwamba mkono ule haupo tena?